Mdomo Uliojaa Pini

Fundi alimeza pini asubuhi moja, bibi harusi amesimama mbele yake na wifi yake amesimama nyuma yake. Ukimuuliza mpaka leo kosa lilikuwa la nani, atakwambia lilikuwa la huyo wa nyuma.

Alikuwa amepiga magoti sakafuni, anabana gauni kiunoni. Pini zilikuwa mdomoni kama kawaida, zimeshikwa kwa midomo, vichwa vimetokeza nje kama safu ya meno ya pili. Anachomoa moja, anaichoma kwenye kitambaa, anachomoa nyingine. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na mama mkwe wake, ambaye sasa ni marehemu, na hivyo ndivyo alivyofanya tangu aolewe na kuingia katika duka lile la kushona. Wateja walimwita Mama Pini. Wengi hawakuwahi kusikia kutoka kwake zaidi ya "mh" na "mh-mh", ya kwanza ikiwa ndiyo na ya pili hapana.

Wifi, dada mkubwa wa mumewe, ndiye aliyekuwa mkataji. Alisimama kwenye meza kubwa ya kukatia na mkasi mzito wa chuma ambao mama yake alimwachia. Mtaa mzima ulijua kwamba mmoja anakata, mwingine anashona, na kwamba hawapikiki chungu kimoja.

"Wewe, mke wa kaka," wifi akasema kutoka mezani, "umelala huko chini? Mtoto wa watu ana miguu ya nyama, si miguu ya meza."

Fundi akafanya alichofanya siku zote akisemwa: akavuta pumzi ndefu ili jibu lirudi lilikotoka. Siku hiyo pumzi aliivutia mdomoni.

Alisikia kitu kikimkwaruza kooni, kidogo kama mfupa wa samaki, kisha hakusikia kitu. Akazitoa pini zilizobaki akazitazama kiganjani. Bibi harusi akauliza kuna nini. Shangazi yake, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wateja na mkoba wake mapajani, akasimama.

"Nimemeza," fundi akasema.

"Umemeza nini?" wifi akauliza. Alipoelewa akaweka mkasi chini. "Mungu wangu. Na leo nilitaka kufunga duka mapema."

Hospitalini walimpiga picha, na pini ilionekana wazi tumboni, imejilaza kama mgeni aliyeonyeshwa kitanda. Daktari alikuwa mwanamke kijana asiyependa kurudia maneno. Alisema watasubiri itoke yenyewe, na isipotoka watafungua. Kisha akamuuliza ilivyofika huko, na fundi akaeleza kwamba ilikuwa ajali.

"Mama, umeweka pini mdomoni kila siku ya kazi tangu ujana wako. Ajali ni kwamba hukumeza mapema," daktari akasema. "Hii imekuonea huruma ikaenda tumboni. Nyingine itaenda kwenye pafu. Ukirudi hapa kwa hilo sitakuwa na maneno, nitakuwa na kisu."

Fundi akasema amesikia. Na kweli alikuwa amesikia. Alikaa nyumbani akila na kusubiri, na kazi ya kusubiri ilikuwa ya aibu, kwa sababu ilibidi ahakikishe kwa macho yake kwamba pini imetoka. Wifi alikuja kumjulia hali. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Kila mtu hupata anachokitafuta. Wengine wanakitafuta chooni," akaaga.

Pini ikatoka. Fundi akarudi kazini.

Asubuhi hiyo ya kwanza aliweka kopo la pini mbele yake akaliambia kimoyomoyo kwamba yameisha. Akachukua sketi ya kupunguzwa upindo. Mteja akamsalimu, naye akamwitikia "mh", na alipojisikia ameitika hivyo ndipo akagundua kwamba mdomo umeshajaa. Hakukumbuka kuzitia. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe, kama punda anayejua njia ya kisimani.

Angezitoa saa ile ile. Lakini kichwani palikuwa tayari na maneno yanamngoja. Kwamba sketi hii ni ndogo, amalizie tu. Kwamba mama mkwe alifanya hivi mpaka akafa, tena akafa kwa presha. Kwamba wiki hii kuna gauni la harusi na haifai wakati wa harusi kubadili mkono. Ataanza harusi ikipita. Yalikuwa maneno mazuri. Akayakubali yote, akaendelea kuchoma pini.

Usiku ulimshauri vingine. Aliamka akiwa amekata shauri, la kweli sasa, kwamba hataingiza pini mdomoni tena. Alitembea mpaka dukani akiwa mwepesi. Alipoingia, wifi akamrushia kitu mezani. Kilikuwa kimto cha pini cha kuvaa mkononi, chekundu, kimeshonewa mpira wa kubana kifundo.

"Vaa hicho. Sitaki nije niambiwe nimemuua mke wa kaka yangu."

Fundi akakitazama kile kimto. Kilikuwa kimeshonwa vizuri. Mpira ulikuwa na kipimo chake hasa, maana yake mtu alikuwa amekitazama kifundo cha mkono wake kwa muda. Na ule wepesi aliokuja nao ukamtoka wote. Akiacha leo ataonekana ameachishwa. Wateja wataambiwa, mtaa utaambiwa, na kaburini mama mkwe ataambiwa, kwamba wifi ndiye aliyemfunza adabu.

Akafungua droo ya cherehani, akakitupia humo, akaifunga kwa goti. Kisha akachukua pini akazipanga mdomoni moja moja, taratibu, akimtazama wifi usoni.

Kuanzia hapo wifi akamkalia kooni. Kila mteja aliyeingia alipokewa kwa habari. "Karibu, dada. Simama mbali kidogo na huyu, anakula vyuma." Au: "Ukiona kitufe chako hakipo, kaulize tumboni kwa Mama Pini." Wateja walicheka, na waliocheka zaidi ndio waliokuwa wakimwogopa zamani. Fundi akaanza kufanya tabia yake kwa kificho. Aligeuka ukutani kama anayetafuta uzi, akazitia, akarudi ameinamisha uso. Mwanamke mzima, mwenye watoto waliooa na kuolewa, akajiona anaiba kwenye kopo lake mwenyewe.

Nyumbani hapakuwa na nafuu. Mumewe alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa kupenda amani ilimradi asiifanyie kazi.

"Si uache tu," akamwambia wakiwa mezani.

"Kuacha tu."

"Ndiyo. Ni pini. Si bangi."

"Na huo mguu unaoutikisa ukila, umewahi kuacha tu?"

Mume akautazama mguu wake. Ulikuwa unatikisika. Akashika goti, mguu ukatulia, na alipochukua tonge ukaanza tena. Akasukuma sahani akaenda kukaa nje.

Kuna jambo ambalo fundi hakuwa amemwambia mumewe wala daktari. Pini zilikuwa nyingi kwa sababu kazi ilikuwa mbovu. Wifi alikata kwa jicho, bila chaki, kama alivyokata mama yake, na zamani jicho lile halikukosea. Lakini tangu miaka michache nyuma lilikuwa limechoka. Bega moja linakuja juu, jingine chini. Upande wa mbele unauzidi wa nyuma. Fundi alikuwa ameona mapema: wifi alivyokuwa akinyoosha kitambaa mbali na uso, alivyoacha kutunga uzi sindanoni, alivyokuwa akiwaomba wateja wamsomee vipimo eti mikono yake imeshika kitu. Hakusema. Alipiga magoti, akajaza mdomo, akaula upungufu ule kwa mikunjo na pini mpaka nguo ikakaa. Kadiri kitambaa kilivyokatwa vibaya ndivyo pini zilivyoongezeka, na kadiri zilivyoongezeka ndivyo alivyozidi kunyamaza.

Mwanzoni alinyamaza kwa heshima, maana wifi ni mkubwa. Baadaye kwa woga. Mwishoni ilikuwa kitu kingine, na hilo alilijua vizuri: alikuwa ameanza kupenda kunyamaza huko. Kila bega lililopinda lilikuwa siri yake. Wifi akimsema, yeye chini pale na mdomo wake uliofungwa alikuwa akimjibu, "Sema. Sema tu. Mimi najua usichokijua."

Siku ya kujaribisha gauni mara ya pili, bibi harusi alikuja na shangazi yake yule yule. Gauni lilikuwa la satini, na mikono ya lesi ilikuwa imeshikizwa tu kwa uzi mrefu. Fundi akageuka ukutani, akajipa shughuli na kibao cha nyuzi, akachota pini akazitia mdomoni.

Uchungu ulimpanda mpaka masikioni. Kila mama aliyewahi kumwachisha mtoto ziwa anaujua. Ilikuwa shubiri, imepakwa kwa ukarimu, pini nzima nzima. Akageuka akikohoa, akatema. Pini zikatawanyika sakafuni, bibi harusi akarukia kigoda miguu peku, na mate ya kijani yakatua kwenye upindo wa satini.

Kutoka mezani kikasikika kicheko.

"Haya," wifi akasema, "mtoto ameacha ziwa."

Fundi akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Umenipaka shubiri."

"Nimezipaka pini. Mdomo umeupeleka mwenyewe."

"Mbele ya wateja."

"Na kule kutema? Umetema nyuma ya wateja?"

Shangazi akaanza kusema kwamba wao walikuja kwa ajili ya gauni, lakini hakuna aliyemsikiliza. Fundi alikuwa akivuta pumzi yake ndefu, ya kurudisha jibu. Akaivuta mpaka mwisho. Mdomo ulikuwa mtupu, hapakuwa na kitu cha kuuziba, na jibu likakataa kurudi.

Akaenda kwa bibi harusi, akakata uzi wa kushikiza kwa meno, akaivua mikono yote miwili ya lesi. Akaipeleka mezani, akaulaza mmoja juu ya mwingine, mbele ya wifi. Ulioko chini ulitokeza kwa upana wa kidole.

"Pima," akasema.

"Nini?"

"Chukua futi upime."

"Mimi sipimi. Mama hakupima."

"Mama alikuwa anaona."

Wifi akashika mkasi kama anayetaka kuendelea na kazi, lakini mbele yake hapakuwa na kazi. Fundi akaivuta futi kutoka shingoni mwake, akabana mahali kwa kucha, akaiinua mbele ya uso wa mwenzake.

"Niambie hapa ni ngapi."

"Ondoka mbele yangu."

"Ni ngapi, wifi? Huu ni mwaka wa ngapi natia pini mdomoni kwa ajili yako? Nguo zako haziungani. Bega huku, bega kule. Mimi ndiye ninayezikunja watu wasijue. Ningekuwa na pini chache wala nisingehitaji mdomo, ningeshika kwa vidole. Soma."

Wifi akarudisha kichwa nyuma. Macho akayafinya, akayafungua. "Thelathini na nane," akasema, kwa sauti ya mtu anayemaliza ugomvi.

Bibi harusi, kutoka kwenye kigoda chake, bila ubaya wowote, akasema, "Hapana, ni thelathini na tatu."

Hakuna aliyecheka. Wifi akautazama ule mkasi, akauweka mezani, akaunyoosha ukae sawa na ukingo wa meza. Akavua aproni yake. Akachukua mkoba wake akatoka, na alipopita mlangoni akagusa fremu kwa mkono kama anayehakikisha ilipo.

"Gauni litaisha?" shangazi akauliza.

"Litaisha."

"Na hayo mate?"

"Yatatoka."

Mate yalitoka, kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Habari hazikutoka. Zilifika nyumbani kabla yake, na mumewe alikuwa amesimama sebuleni akimsubiri.

"Umemvua nguo dada yangu mbele za watu."

"Ndiyo kazi yetu. Tunavua, tunavisha."

"Usinifanyie mzaha. Ni mkubwa wako. Alikulea humo dukani."

"Amenipaka shubiri mdomoni."

"Ungeniambia mimi."

"Ningekwambia ungesema si uache tu."

Usiku huo alilala vizuri, na hilo lilimtia wasiwasi asubuhi. Hakujuta. Lakini mara kwa mara aliuona tena ule mkono ukigusa fremu ya mlango, akajikuta anatafuta kitu cha kufanya upesi.

Wifi hakuja kazini siku hiyo wala zilizofuata. Fundi alifungua duka peke yake, akafurahi. Hatimaye hapakuwa na wa kumsema. Akadhani na ule mkono sasa utatulia; mtu wa kumkomoa ameondoka, basi na sababu imeondoka naye. Akakaa kwenye cherehani, akavuta blauzi, na kabla hajamaliza kuipindua, pini ilikuwa katikati ya midomo.

Akaitoa. Dakika mbili baadaye ilikuwa imerudi.

Hapo ndipo alipoingiwa na hofu ya kweli, kuliko hata siku ya kumeza. Miaka yote alikuwa ameamini kwamba tabia ile ni ya wifi. Kwamba anafanya kwa sababu ya kukatwa vibaya, kwa sababu ya kusemwa. Wifi hayupo, blauzi hii ameikata mwenyewe, na mkono bado unapanda.

Na kichwani maneno yalikuwa yameanza tena. Hakuna mtu hapa, nani atakuona. Moja tu, ya kiunoni. Umeteseka sana wiki hii, unastahili. Akasikiliza kwa makini mara hii, akatambua kwamba ile sauti haikumfokea hata siku moja. Ilikuwa ya upole kuliko ya mtu yeyote katika ukoo ule. Ndiyo maana alikuwa akiisikiliza.

"Mwongo," akaiambia, kwa sauti, dukani pale, peke yake.

Akafungua droo akatoa kimto chekundu. Alikivaa akimtukana aliyekishona. Alianza na macho yake, akaenda kwenye ulimi wake, akataja harusi ambayo wifi alimkalisha nyuma na msiba ambao wifi alimwambia analia kwa sauti ya kuigiza. Alitukana huku akichukua pini kwenye kimto na kuzichoma kwenye blauzi, akatukana mpaka blauzi ikaisha, na ilipoisha akagundua kwamba mkono haukupanda. Haukuwa na pa kwenda. Mdomo unaosema haushiki pini.

Basi akaanza kusema. Wifi alipomwishia, akasimulia kazi: sasa nakunja hapa, sasa nabana, sasa huyu mtu ana mgongo mfupi. Wateja wakaingia wakamkuta akisema, akaendelea kuwasemesha wao. Walishangaa kama wamesikia cherehani ikiongea. Na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya maneno, hakujua yapi ya kuacha. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani aliletewa suti yake akaambiwa, "Nyonga imeongezeka, mama, tusidanganyane, nikuachie nafasi ya kupumua humu." Mwalimu mkuu alicheka mpaka akakaa. Mteja mwingine, aliyeambiwa kwamba rangi aliyochagua inamfanya aonekane mgonjwa, alichukua kitambaa chake na hakurudi tena.

Siku nyingine mkono ulishinda. Alishtukia pini iko mdomoni na hajui imekaa tangu lini. Zamani hiyo moja ingekuwa ruhusa ya siku nzima. Mtu akishalowa anaoga kabisa. Sasa aliitoa, akaichoma kwenye kimto, akaendelea na sentensi aliyoiachia njiani. Hapakuwa na ushindi wa kupigiwa vigelegele. Kulikuwa na kuitoa, na kuitoa tena, na hasira nyingi.

Kilichomshinda kilikuwa lesi. Alikata mikono mipya ya gauni mwenyewe, kwa chaki na futi, kutwa nzima. Ilitoka sawa, huwezi kuipambanua kwa urefu. Lakini alipoivalisha kwenye sanamu ya nguo, ikakaa kama mikono ya askari kwenye paredi. Pale kwapani, lesi ilikuwa inahitaji mzunguko fulani, kuingia kidogo na kutoka, ambao haukuwa kwenye futi. Alijaribu tena akaharibu kipande. Ilikuwa imebaki lesi ya jaribio moja tu. Akaukazia macho mkasi wa mama mkwe kwa muda mrefu. Yule wifi aliyemchukia alikuwa na kitu mkononi mwake ambacho yeye hakuwa nacho, na hakukuwa na namna ya kukiri hilo isiyouma.

Akafunga duka mchana kweupe, akafunga lesi na mkasi ndani ya shuka, akaenda nyumbani kwa wifi. Wifi alikuwa mjane, anakaa vyumba viwili nyuma ya stoo ya mbao. Alifungua mlango akasimama katikati yake.

"Sikuja kuomba msamaha," fundi akasema.

"Sikukukaribisha."

"Mzunguko wa kwapa umenishinda. Mkono wako unaujua. Macho yako ndiyo hayaoni. Nenda ukapimwe."

"Tangu lini umekuwa daktari? Tangu umeze pini?"

"Tangu hapo."

Wifi akamwacha mlangoni akaenda kukaa kwenye kiti chake. Fundi akaingia bila kuambiwa, akaweka mzigo mezani. Wifi akaupapasa, akaujua mkasi kabla hajaufungua, na mkono wake ukabaki pale pale juu yake.

"Nitaenda," wifi akasema. "Harusi ikipita."

Fundi akavuta kiti kingine akakaa.

"Sasa hivi kuna joto, macho huwa yanachoka na joto. Na pale hospitali mistari ni mirefu. Na mama hakuvaa miwani mpaka anaingia kaburini."

Fundi alizitambua sababu zile moja moja, kama mtu anavyotambua nguo zake kwenye kamba ya jirani. Angeweza kumwambia kwa upole. Angeweza kumwambia kwamba naye alikuwa na zake kama hizo, za presha na za harusi. Lakini koo lake halikuwa limezoea upole, na la wifi halikuwa limezoea kuupokea.

"Mkataji mwenye miwani," wifi akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, akiutazama ukuta. "Watu wataona amezeeka. Nani atamwachia lesi yake? Na wewe ndiye utakayesimama kwenye meza yangu. Hilo ndilo unalolitaka tangu uje."

"Meza yako siitaki. Nimeijaribu."

"Ikawaje?"

"Mikono imekaa kama ya askari."

Wifi akakohoa, au akacheka, haikujulikana. "Kwapani umekata moja kwa moja."

"Nimekata moja kwa moja."

"Mjinga."

"Kapimwe," fundi akasema, akasimama. "Lesi imebaki ya mara moja. Ukiikata hivyo hivyo kwa macho hayo, nitamwita yule binti aje akusomee futi tena."

Akaondoka. Hakusindikizwa.

Wifi alikuja dukani mwisho wa wiki, asubuhi, shuka la mzigo kwapani. Aliingia hajasalimu, akaenda kwenye meza yake, akafungua mkoba, akatoa miwani akaivaa. Ilikuwa na fremu nyeusi nzito. Akageuka.

"Usiseme kitu."

Zamani fundi asingesema. Pini zingekuwa mahali pake na neno lingebaki ndani likigeuka sumu. "Imekaa upande," akasema. "Sikio la kushoto."

"Nimesema usiseme kitu."

"Nimesikia."

Wifi akaisogeza miwani sikio la kushoto. Akaitandaza lesi, akatafuta chaki, na kwa kuwa hakuwahi kuwa na chaki ilibidi amwombe fundi, na aliiomba kwa kunyoosha mkono tu bila kutazama. Alipima. Alichora. Alipima tena, akiisoma futi kwa midomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akakata, na mkasi ulipofika kwapani haukusimama, ulizunguka ndani ukatoka nje kwa mwendo mmoja, na fundi aliyekuwa akitazama kutoka kwenye cherehani akakasirika kwa jinsi ulivyopendeza.

Gauni lilikamilika kwa pini chache tu. Shangazi alipokuja kulichukua alilipindua nje ndani, akatafuta kosa kwenye mikono, kwenye bitana, kwenye upindo, akalirudisha kwenye mfuko akiwa na uso wa mtu aliyenyimwa haki yake.

Mchana ulipotulia, wifi akaanza kuzungukazunguka dukani na miwani yake. Alisoma maandishi kwenye maboksi ya vitufe. Aliona utando wa buibui kwenye kona ya dari na akauliza umekaa hapo tangu lini. Akafika kwenye kamba ya nguo zilizomalizika, akashika koti moja, akalisogeza karibu na uso.

"Huu mshono," akasema, "ndivyo ulivyo siku zote?"

"Upoje?"

"Unalewa. Unaanza hapa vizuri, ukifika mfukoni unapepesuka." Akavuta nguo ya pili, ya tatu. "Na huu. Na huu. Miaka yote hii umekuwa ukishona hivi na mimi sikuona?"

Mkono wa fundi ukainuka wenyewe mpaka mdomoni, ukaikuta midomo mitupu, ukakaa pale kidogo, ukashuka.

"Lete hapa dirishani," akasema. "Unionyeshe huo ulevi uko wapi."

Wifi akalileta koti. Walisimama kwenye mwanga wakabishana juu ya mshono ule, mmoja akivuta kola na mwingine upindo, na mteja aliyeingia wakati huo ilibidi agonge kaunta mara mbili ndipo mmoja wao akamwambia asubiri.